Wino wa printa ni ghali kwa nini, na tangi la pembeni linaokoaje pesa yako?

Ni saa nne usiku. Kesho asubuhi msimamizi wako anataka sura ya tatu mezani kwake, tena kwenye karatasi, maana yeye husahihisha kwa kalamu nyekundu na hataki habari za kusoma kwenye skrini. Umeweka karatasi, printa imeanza kunguruma. Kurasa 11 zimetoka safi. Ya 12 imetoka na mistari. Ya 13 nyeupe pe! Taa inawaka: wino umeisha. Na katriji hiyo uliinunua wiki tatu tu zilizopita, kwa elfu arobaini.

Hali hii imetukuta karibu sote tunaoandika hapa. Mwenzetu mmoja alichoka, akanunua ule mfumo wa matangi ya pembeni yenye mirija, ule ambao dukani wanauita CISS. Akaufunga mwenyewe, na kwa kuwa meza yake ni ndogo, akayapanga matangi juu ya printa. Usiku akalala kwa amani. Asubuhi akakuta dimbwi jeusi limetambaa kutoka chini ya printa, limevuka meza, limeingia kwenye droo aliyokuwa anahifadhi vyeti vyake vya shule.

Sasa, je, tangi la pembeni ni jambo zuri au balaa? Jibu ni kwamba linaweza kupunguza gharama ya wino mara hamsini, na linaweza pia kukuharibia meza, na tofauti kati ya hayo mawili ni sentimita chache za urefu. Hebu tuone kwa nini. Tutaanza na jinsi printa inavyofanya kazi, halafu tutakuja kwenye fizikia ya matangi, kisha tutashika kikokotoo tupige hesabu ya pesa. Na nikuonye mapema: hesabu hiyo itawaambia baadhi yenu msinunue printa kabisa.

Tone dogo kuliko unavyodhani

Printa ya wino hairoweki karatasi. Inarusha matone. Chini ya kile kichwa kinachokwenda kushoto na kulia kuna mamia ya matundu, kila tundu likiwa na upana wa mikromita kama 20 hivi, yaani jembamba kuliko unywele wako. Kila tone lina ujazo wa pikolita chache. Pikolita ni nini? Chukua mililita moja, igawanye mara bilioni moja. Kipande kimoja hapo ndicho pikolita.

Kuna njia mbili kuu za kulirusha tone hilo. Ya kwanza ni ya joto. Nyuma ya kila tundu kuna kihita kidogo sana kinachopata moto kwa mikrosekunde chache hadi nyuzi 300 hivi za Selsiasi. Wino unaokigusa unageuka mvuke papo hapo, povu linavimba, na povu hilo linausukuma wino nje ya tundu. Inasimuliwa kwamba mnamo mwaka 1977, katika maabara za Canon nchini Japani, pasi ya kulehemu iligusa kwa bahati mbaya sindano ya bomba lililojaa wino, na wino ukaruka. Mhandisi Ichiro Endo akaliona tukio hilo na kulifanyia kazi. Wakati huohuo wahandisi wa HP Marekani walikuwa wakifika mahali pamoja kwa njia yao, na mwaka 1984 wakatoa printa iliyoitwa ThinkJet.

Njia ya pili haitumii joto. Nyuma ya tundu kuna kipande cha fuwele ya aina ya piezo, ambayo ukiipitishia umeme inajikunja kidogo. Ikijikunja inaubana wino, na wino unaruka. Hii ndiyo njia ya Epson na Brother.

Kwa nini nakueleza haya? Kwa sababu yana madhara kwenye mfuko wako. Katika printa nyingi za joto za bei nafuu, kichwa chenye matundu kimejengwa ndani ya katriji yenyewe. Ukiitupa katriji, umetupa na kichwa. Katika printa za piezo, kichwa kimefungwa ndani ya printa moja kwa moja, na kikiharibika, mara nyingi printa nzima imekwenda. Kumbuka jambo hili, tutalirudia.

Kwa nini katriji ni ghali

Sehemu ya jibu tumeshaiona: unaponunua katriji yenye kichwa, hununui wino tu. Unanunua kihita, matundu, saketi ya umeme, na mara nyingi chipu.

Lakini sehemu kubwa ni biashara. Printa yenyewe inauzwa bei ya chini, pengine bila faida ya maana, ili uingie. Faida inakuja baadaye kupitia wino, mwaka baada ya mwaka. Ni kama mtu akuuzie jiko kwa bei ya kutupa, kisha gesi yake iwe anayo yeye peke yake, kwenye mitungi midogo kama kikombe.

Tuchukue mfano. Kampuni ya HP inaeleza kuwa katriji yake nyeusi namba 123, inayouzwa sana huku kwetu, inatoa kurasa kama 120. Tuseme umeinunua kwa sh. 40,000, na tuseme ndani kuna mililita 4 za wino. Mililita moja imekugharimu sh. 10,000. Kwa kiwango hicho lita moja ni shilingi milioni 10! Ukiwaza hivyo, ule wino uliobaki kwenye vidole vyako baada ya kuitikisa katriji si wa kupangusa ovyo.

Na ile chipu ina kazi gani? Kwa kiasi kikubwa, ni ya kuhesabu. Printa nyingi hazipimi wino uliobaki kama unavyopima mafuta ya taa kwenye chupa. Zinahesabu matone yaliyorushwa, zinakadiria, kisha chipu inatangaza "tumemaliza". Ndiyo maana wakati mwingine unaichomoa katriji unaikuta nzito bado. Chipu ina kazi nyingine pia: kuitambulisha katriji kwa printa, na kwa njia hiyo kuikataa katriji ya mtengenezaji mwingine.

Jambo hili limefika hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 2017, katika kesi ya Impression Products dhidi ya Lexmark, mahakama ilisema kwamba kampuni ikishauza katriji yake, haki zake za hataza juu ya katriji ile zimekwisha. Haiwezi kuzitumia kumzuia mtu kuijaza upya na kuiuza. Kesi hiyo ilihusu katriji za tona za printa za leza, na sheria ya Marekani si sheria yetu, lakini inakuonyesha jinsi vita vya wino vilivyo vikali.

Watumiaji wa Asia hawakusubiri mahakama. Mafundi walitoboa katriji, wakaingiza mirija, wakaunganisha na matangi makubwa ya nje. Indonesia ilikuwa soko mojawapo ambako mtindo huo ulienea sana. Badala ya kuendelea kupambana, Epson ikaamua kuutengeneza yenyewe: Oktoba 2010 ilianza kuuza Indonesia printa zenye tangi kutoka kiwandani. Miaka michache baadaye Canon, Brother na HP wakafuata. Kwa hiyo printa zote zile zenye vidirisha vya rangi ubavuni unazoziona kwenye steshenari za mtaani kwenu, mizizi yake ni ubunifu wa mafundi.

Chombo cha maji cha vifaranga

Sasa tuingie kwenye tangi. Watu wengi wanadhani ni kopo tu lenye mrija. Lakini ukilitazama vizuri tangi zuri la CISS, utaona lina vyumba viwili: kimoja kikubwa chenye wino, na kingine chembamba pembeni. Chumba kikubwa kina kizibo cha mpira kinachokibana kabisa. Chumba chembamba kiko wazi kwa hewa kupitia kichujio kidogo. Vyumba viwili hivi vinawasiliana kwa tundu lililo chini kabisa.

Kwa nini usumbufu wote huo? Jibu liko bandani kwa kuku.

Umewahi kuona kile chombo cha maji cha vifaranga? Unajaza maji kwenye kopo, unaligeuza juu ya sahani, maji yanatoka kidogo halafu yanasimama. Kifaranga akinywa, kina kwenye sahani kinashuka, hewa inaingia kwenye kopo, "bluk!", maji kidogo yanatoka, kina kinarudi palepale. Kopo liwe limejaa au linakaribia kuisha, kina cha maji kwenye sahani hakibadiliki.

Tangi la wino linafanya vilevile. Printa ikivuta wino, mgandamizo wa hewa iliyofungiwa kwenye chumba kikubwa unapungua, na hewa kutoka chumba chembamba inapenya kupitia lile tundu la chini kama kipovu. Matokeo yake, kwa upande wa kichwa cha printa, tangi linajifanya kana kwamba uso wa wino uko daima pale kwenye tundu la chini. Tangi limejaa? Mgandamizo ni ule ule. Tangi limebaki robo? Ule ule. Wanafizikia wanaiita chupa ya Mariotte, kwa jina la Edme Mariotte, Mfaransa wa karne ya 17.

Ukiacha kile kizibo cha mpira wazi baada ya kujaza, umeua mpango mzima. Sasa mgandamizo unafuata kimo cha wino ndani ya chumba kikubwa, na unabadilika kila siku. Wapo wanaolalamika kwamba "hizi CISS ni takataka", kumbe kosa ni kizibo cha mpira kisichozidi ukubwa wa kifungo cha shati.

Kwa nini wino ulifika kwenye vyeti

Hapa ndipo sentimita zinapoamua kila kitu. Tupige hesabu ndogo. Usiogope, ni ya kidato cha pili.

Wino ukining'inia kwenye tundu, kinachouzuia kudondoka ni ile "ngozi" ya uso wa kimiminika, ileile inayomwezesha mdudu kutembea juu ya maji. Nguvu ya ngozi hiyo inategemea upana wa tundu: tundu likiwa jembamba, ngozi inakuwa na nguvu zaidi. Kanuni yake ni mbili mara mvutano wa uso, gawanya kwa nusu kipenyo. Wino una mvutano wa karibu 0.03 N/m. Nusu kipenyo cha tundu letu ni mikromita 10. Ukikokotoa unapata paskali 6,000.

Upande wa pili kuna uzito wa safu ya wino kwenye mrija. Hapo unazidisha densiti, mvutano wa dunia na kimo. Kwa kimiminika kinachokaribiana na maji, kila sentimita 10 za kimo zinaleta paskali 980 hivi.

Sasa weka tangi sakafuni, chini ya meza yenye kimo cha sentimita 75. Safu ya wino inavuta kichwa kwa paskali 7,350. Ngozi inaweza kuhimili 6,000 tu. Imeshindwa! Hewa inaingia kupitia matundu, wino unarudi chini kwenye mirija, na ukiprinti unapata karatasi nyeupe.

Weka tangi juu ya printa, tuseme sentimita 25 juu ya matundu. Wino unasukumwa chini kwa paskali 2,450. Utasema: mbona hiyo ni ndogo kuliko 6,000, ngozi si inatosha? Ingetosha, kama uso wa kichwa ungekuwa mkavu kabisa. Lakini kichwa kinatikisika, kinapanguswa na raba yake, wino unalowesha kile kibati chenye matundu. Wino wa tundu moja ukikutana na wa jirani, wanaungana kuwa tone moja kubwa. Tone lenye nusu kipenyo cha milimita moja, kwa kanuni ileile, linahimili paskali 60 tu, yaani milimita sita za wino. Tangi lako liko juu sentimita 25. Tone linadondoka, jingine linafuata, na kwa kuwa mrija umejaa wino mfululizo, tangi linajimwaga lenyewe usiku kucha, kama dereva anavyonyonya petroli kwenye tangi la gari kwa mpira: ikishaanza, haihitaji mtu.

Hivyo ndivyo vyeti vya mwenzetu vilivyolowa. Hakuna kilichovunjika, wala kifaa hakikuwa kibovu. Matangi yalikuwa mahali pasipo pake.

Mahali pake ni wapi? Kwenye meza ileile iliyobeba printa, ubavuni. Matundu ya kichwa yako sentimita chache juu ya meza, na tundu la chini la tangi liko karibu kabisa na meza. Kwa hiyo wino unavutwa nyuma kidogo tu, kiasi cha kuzuia kudondoka lakini si kiasi cha kuingiza hewa. Kazi hiyo kwenye katriji ya kawaida inafanywa na sponji iliyo ndani. Kwenye printa yenye tangi kutoka kiwandani, wahandisi walishakupigia hesabu hiyo, ndiyo maana tangi limefungwa chini ubavuni na halihamishiki. Wewe kazi yako ni kutoiinamisha tu.

Haya, tushike kikokotoo

Bei nitakazotumia ni za mfano. Chukua peni, weka za duka la mtaani kwenu, njia ni ileile.

Idadi ya kurasa inatoka kwa watengenezaji. Kwa printa kama Epson L3110, chupa nyeusi ya mililita 65 inatajwa kutoa kurasa 4,500. Kwa Canon G2010, chupa nyeusi ya mililita 135 inatajwa kutoa kurasa 6,000. Idadi hizi hupatikana kwa kurasa za majaribio zenye maandishi na nafasi nyingi nyeupe. Ukiprinti mabango yenye picha kuanzia ukingo hadi ukingo, usitarajie hizo. Kwa kuburudika tu: mililita 65 gawanya kwa 4,500 ni kama pikolita milioni 14 kwa ukurasa. Kwa matone ya pikolita 5, kila ukurasa wa sura yako ya tatu ni matone karibu milioni tatu.

Sasa pesa.

Printa ya katriji: tuseme sh. 150,000. Katriji sh. 40,000 kwa kurasa 120. Wino kwa ukurasa: sh. 333.

Printa ya tangi: tuseme sh. 550,000. Chupa sh. 30,000 kwa kurasa 4,500. Wino kwa ukurasa: chini kidogo ya sh. 7.

Umeona tofauti? 333 kwa 7. Ni karibu mara hamsini. Printa ya tangi imezidi bei kwa laki nne, lakini kila ukurasa inakurudishia sh. 326. Gawanya: 400,000 kwa 326 ni kurasa 1,227. Yaani rimu mbili na nusu tu, na tofauti ya bei imekwisha. Na hapo sijahesabu chupa za mwanzo zinazokuja ndani ya boksi, ingawa sehemu ya wino huo hutumika kujaza mirija mara ya kwanza.

Kwa hiyo ukiwa unachagua kati ya printa hizo mbili, na unajua utaprinti zaidi ya rimu tatu, jibu liko wazi.

Lakini ngoja. Wewe mwanafunzi una chaguo la tatu: steshenari ya nje ya geti. Tuseme wanatoza sh. 100 kwa ukurasa, karatasi ikiwa yao. Linganisha na printa ya katriji yako ya nyumbani: wino 333, ongeza karatasi ya sh. 26 (rimu ya 13,000 gawanya kwa 500), unapata 359. Yaani umenunua mashine ili ulipe zaidi ya mara tatu ya bei ya dukani! Faida pekee uliyopata ni kutokutoka nje usiku.

Na printa ya tangi dhidi ya steshenari? Wino 7, karatasi 26, jumla 33. Unaokoa 67 kwa kila ukurasa. Bei ya printa, 550,000, gawanya kwa 67: kurasa 8,209. Rimu kumi na sita na ushee. Tasnifu yenye kurasa 120, ukiiprinti mara kumi kwa ajili ya masahihisho, ni kurasa 1,200. Hata ukiongeza makala za kusoma, mwanafunzi mmoja peke yake hafiki elfu nane kirahisi ndani ya miaka miwili ya umahiri.

Ndiyo sababu nilikuonya mwanzoni. Kama uko peke yako na unaprinti kurasa 50 kwa mwezi, nenda steshenari kwa moyo mweupe. Wao ndio wenye printa ya tangi, na wanakugawia faida yake. Kama mko watano mnaochanga, laki na kumi kila mmoja, mnahitaji kama kurasa 1,640 kwa kichwa, na hilo linawezekana. Kama ni mwalimu mwenye mitihani ya madarasa matatu, au unafikiria kufungua steshenari yako mwenyewe, hesabu inageuka kabisa upande wa tangi.

Na ule mfumo wa kufunga mwenyewe kwenye printa ya zamani? Wino wake kwa ukurasa ni nafuu vilevile, na vifaa vyake ni bei ndogo kuliko printa mpya. Lakini kumbuka habari ya kichwa. Kwenye printa ya piezo kichwa ni cha kudumu, kwa hiyo mfumo unaweza kukaa miaka. Kwenye katriji ya joto iliyotobolewa, kichwa kilitengenezwa kwa ajili ya kutupwa. Kitachoka, na utahitaji katriji nyingine ya kutoboa. Zaidi ya hapo, dhamana ya printa usiitegemee tena.

Wino si wino tu

Ukishakuwa na tangi, kishawishi kinachofuata ni chupa ya wino usio na jina, ya bei ya chai. Kabla hujamimina, jua kuna wino wa aina mbili.

Wa kwanza ni wa rangi iliyoyeyuka. Ni kama sukari kwenye chai: huoni punje, imeshakuwa kitu kimoja na maji. Rangi zake zinang'aa, ni rahisi kwa kichwa, lakini karatasi ikilowa maandishi yanatambaa, na juani inafifia mapema.

Wa pili ni wa chembe. Huo ni kama uji: unga haujayeyuka, umeelea tu, ila chembe hizi ni ndogo mno, kama sehemu moja ya kumi ya mikromita. Zinakaa juu ya nyuzi za karatasi, zikikauka hazitoki kirahisi hata zikiguswa na maji. Kwa hati za kutunza, huu ndio bora.

Kosa kubwa ni kuchanganya. Kemikali zinazozifanya chembe zielee zinaweza kuvurugwa na wino wa aina nyingine, chembe zikashikana kuwa madonge, na donge halipiti kwenye tundu la mikromita 20. Hata nyeusi na nyeusi: usidhani ni ndugu kwa sababu ya rangi. Soma kwenye tangi au kitabu cha printa inataka aina gani, ununue hiyo, na ukishachagua mtengenezaji mmoja baki naye.

Mambo manne yanayoua printa ya tangi

La kwanza ni kukaa bila kazi. Maji ya kwenye wino yanavukiza kupitia matundu, kinachobaki kinakuwa kizito kama gundi. Kila wiki printi ukurasa mmoja wenye rangi zote nne, hata kama huna cha kuprinti. Ukienda likizo ya miezi miwili, mwachie mwenzako kazi hiyo.

La pili ni kusafisha kichwa kwa hasira. Mstari mmoja ukitokea, watu wanabonyeza kusafisha mara sita mfululizo. Kila usafi unafyonza wino na kuupeleka kwenye sponji iliyo chini ya printa. Printa inahesabu, na sponji ikihesabiwa imejaa, inagoma kufanya kazi hadi ibadilishwe. Safisha mara moja au mbili, kisha iache saa kadhaa. Mara nyingi kipovu cha hewa kinaondoka chenyewe.

La tatu ni hewa kwenye mirija. Kipovu kinabonyea, wino haubonyei. Kihita au fuwele ikisukuma, nguvu yote inaishia kubonyeza kipovu badala ya kurusha tone. Kwa hiyo usisubiri tangi likauke. Jaza kabla wino haujafika kwenye alama ya chini. Kwenye printa za joto kuna hatari zaidi: wino ndio unaokipoza kihita, na kihita kikifanya kazi kikiwa kikavu kinaungua.

La nne ni jua. Hewa iliyofungiwa kwenye chumba kikubwa cha tangi ikipata joto inatanuka, inausukuma wino kwenye chumba chembamba na wakati mwingine nje kupitia kichujio. Kwa joto la Dar au Mombasa, tangi lililo dirishani mchana kutwa linatafuta shari. Lisogeze kivulini.

Kabla hujatoa pesa

Andika namba tatu kwenye karatasi: kurasa unazoprinti kwa mwezi, bei ya ukurasa kwenye steshenari yako, na bei ya printa ya tangi uliyoiona. Toa gharama yako ya wino na karatasi kwenye bei ya steshenari, gawanya bei ya printa kwa kilichobaki, kisha gawanya kwa kurasa za mwezi. Jibu ni idadi ya miezi. Ikizidi muda uliobaki kabla hujahitimu, funga pochi.

Ikiwa ni chache, nunua bila wasiwasi. Weka printa mahali palipo sawa, matangi ya pembeni kama yapo yakae meza moja nayo, kizibo kikubwa kimefungwa na kichujio kiko wazi.

Mwenzetu bado anautumia mfumo wake uleule. Aliyashusha matangi mezani, akasafisha, akaendelea, na hadi leo hajaona tone jingine nje ya karatasi. Vyeti navyo alivikausha kimoja kimoja kwenye kamba. Cha kidato cha nne kina doa jeusi pembeni, chini kidogo ya muhuri. Droo ya chini ya printa sasa anaweka matambara.